Kamati ya Maajabu na Mchezo Usiotajwa

Inatangazwa kwa wapenzi wote wa besiboli wa mji wa Grindle Falls, jimbo la Ohio, pamoja na vitongoji vyake na wale jamaa wa ng'ambo ya mto wanaojifanya hawatujui, kwamba kuanzia msimu huu maajabu yote ya mchezo yatatokea kwa kufuata utaratibu. Ajabu lolote litakalotokea kiholela, Kamati ikiwa haijajiandaa, litahesabiwa kuwa uvumi.

Tangazo hilo nililiandika mwenyewe, nikalibandika mwenyewe kwenye mlango wa baa ya Rudnik, kisha nikasimama pembeni nikalisoma mwenyewe kwa sauti, maana watu walikuwa wanapita tu kama hawana macho.

Mimi ni Elwood Hruska, mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Uhakiki wa Maajabu ya Besiboli. Kabla ya kustaafu nilikuwa mkaguzi msaidizi wa mifereji ya maji ya mvua katika kaunti yetu, kazi iliyonifundisha kwamba maji yasiyokaguliwa hayajui yaendako. Katibu wangu ni Clete Vandermolen, fundi wa meno ya bandia, mtu anayeafiki hoja kabla haijamalizika. Mjumbe wa kawaida ni Rufus Tolbert, tarishi mstaafu ambaye kichwa chake kimejaa takwimu mpaka siku ya kuzaliwa ya mkewe imekosa pa kukaa. Wa nne ni Verna Kuchar. Huyu alikuwa akivusha watoto wa shule barabarani, na hadi leo sauti yake ikitoka malori yanasimama. Ninamhesabu Verna kwa kuwa napenda ukweli, ingawa wakati wa tangazo lile alikuwa amesimamishwa.

Timu yetu ni Wachimba Chumvi. Ni timu ya ngazi ya chini kabisa, ambako vijana huja kutafuta pa kupandia kwenda timu kubwa, na wazee kama sisi huja kuwatazama wakihangaika. Kila Alhamisi jioni Kamati hukaa meza ya nyuma kwa Rudnik, ikala soseji na kabichi iliyochachushwa, na kuulizana maswali ambayo watu wenye akili timamu hawaulizani.

"Haya," Rufus husema, haradali ikiwa kwenye masharubu. "Nani alipiga mpira ukavuka ukuta, halafu bado akatolewa?"

"Lonnie Sprague," Clete hujibu. "Alikimbia kwa furaha, akampita mwenzake aliyekuwa mbele yake. Mwamuzi akamtoa."

"Zamu ya ngapi?"

"Ya nne."

"Ya tano! Umeumbuka, mzee. Leta bia."

"Ya nne bwana, mvua ilikuwa haijaanza!"

"Mvua ilianza ya tatu, ikakatika. Usinifundishe mvua mimi, nilikuwa nabeba barua humo humo."

Juu ya mashine ya kahawa ya Rudnik kuna Ubao wa Maajabu. Jina la mchezaji haliingii Ubaoni mpaka mjumbe aliyesajiliwa asimame mbele ya kikao na kutamka: "Niliona kwa macho yangu." Kusajiliwa si mchezo. Mtu hufanya mtihani wa kurekodi mchezo mzima kwa penseli bila kufuta, na mtihani huo nausimamia mimi. Watu mia sita wengine wanaweza kuwa uwanjani wakaona jambo, lakini hao ni watazamaji tu.

Hapa sina budi kueleza kitu kidogo kuhusu uongozi wangu. Nimekaa katika uwanja huu tangu enzi ambazo nikiketi miguu haifiki chini, na maneno yale ya Ubaoni sijawahi kuyatamka. Siku mchezaji mmoja alipowatoa wapinzani watatu peke yake kwa mpira mmoja, nilikuwa nimeinama nafunga kamba za kiatu. Siku Marv Ostrander alipovusha ukuta mara nne, nilikuwa nimeitwa nje kuhamisha gari. Zamu ya mipira tisa na wapigaji watatu kuondoka vichwa chini niliikosa kwa ajili ya foleni ya choo. Wenye wivu husema nina mkosi. Mimi husema kwamba mwenyekiti anatakiwa kuwa mbali kidogo na tukio ili asiegemee upande wowote. Nalisema hilo mchana. Jioni nikiwa peke yangu huwa nasikitika sana.

Ajabu nililolitaka kuliko yote ni mchezo kamili. Kwa asiyejua: mrushaji mmoja, zamu tisa, wapigaji ishirini na saba wanakuja na marungu yao mmoja baada ya mwingine, na wote ishirini na saba wanarudi kuketi bila hata mmoja kukanyaga kituo cha kwanza. Katika ligi kubwa, kwa zaidi ya karne nzima, waliofanya hivyo hawajazi basi la shule. Katika uwanja wetu haikuwahi kutokea. Nilikuwa tayari kufa maskini, kufa mgonjwa, hata kufa nikiwa na jirani niliye naye, lakini si kufa kabla ya kuona mchezo kamili.

Sasa kuna mila moja ambayo kila mtu wa besiboli anaijua tangu akiwa ananyonya. Mrushaji akiwa njiani kuelekea huko, haitajwi. Wenzake hawamsemeshi, wanakaa mbali naye kwenye benchi kana kwamba ana ndui. Ukitaja, umeiharibu. Kila mtu anajua hii si sayansi, na kila mtu anaitii.

Verna hakuitii. Agosti ya mwaka jana, zamu ya nane, mrushaji wetu akiwa bado hajaguswa, Verna alimgeukia Rufus na kusema kwa ile sauti yake ya kusimamisha malori, "Mbona huyu hajaguswa hata na mmoja?" Mpira uliofuata ulipigwa ukaenda kuvunja kioo cha duka la vyakula vya mbwa. Mimi sikuona. Nilikuwa nanunua karanga.

Tulimfanyia kikao cha nidhamu, meza ile ile ya nyuma.

"Mama Kuchar," nilisema, "unakubali kwamba ulitamka?"

"Nilitamka. Mdomo ni wangu."

"Na unakubali kwamba kutokana na matamshi hayo mpira ulipigwa?"

"Elwood, acha zako. Mpira ulipigwa kwa sababu ulirushwa katikati, mnono, umepakwa siagi. Hata mama yangu angeupiga, na yuko kaburini."

"Naafiki," Clete alisema.

"Unaafiki nini?" nilimuuliza.

"Chochote kitakachofuata."

Tukamsimamisha mpaka tathmini itakapokamilika, na tathmini nikaikabidhi kwangu mwenyewe, nikawa sina muda nayo. Verna alichukua pochi yake, akasimama mlangoni, akaniambia, "Wewe mwenyekiti, na mwenyekiti hayuko juu ya kanuni. Iko siku." Nilidhani ananitisha kwa mahakama, nikamcheka.

Msimu huu nikaona mila pekee haitoshi, inahitaji kuwekewa mfumo. Hivyo nikatunga Mwongozo wa Ukimya. Kifungu cha kwanza kinasema mjumbe hatautaja mchezo kamili, iwe kwa jina, kwa jina la utani, kwa ishara au kwa kukohoa. Cha pili kinahusu miguno. Cha tatu kinapiga marufuku kutabasamu bila sababu nyingine inayoweza kuthibitishwa. Cha nne kilitokana na utafiti wangu binafsi, kwamba macho nayo huongea: kuanzia zamu ya saba, wajumbe watasimama kwenye kibanda cha soseji nyuma ya uzio wa kulia na kuupa uwanja mgongo.

Rufus alikisoma kifungu cha nne mara mbili, akavua miwani.

"Elwood, ndugu yangu. Sasa tutaonaje?"

"Tutahakiki baadaye."

"Tutahakiki nini ambacho hatujakiona?"

"Rufus, ukiwa tarishi ulikuwa unafungua barua za watu ili ujue zimefika?"

Akarudisha miwani usoni. Mpaka leo sijui swali langu lilikuwa na maana gani, lakini lilishinda.

Basi ikaja Jumapili moja ya Julai, mchana wa joto la kukausha mate. Tulicheza na Wafumaji wa Altmar. Mrushaji wetu alikuwa Wilmer Caraballo, kijana mwembamba wa Venezuela, mkono wa kushoto, mpole mpaka akikugonga na mpira anakuja kukupa pole. Zamu ya kwanza, watatu wakaja, watatu wakarudi. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu, ya nne. Kufika ya tano Rufus akaacha kutafuna. Clete akawa mweupe kama meno anayotengeneza. Nikaitazama kadi yangu ya kurekodia: upande wa Wafumaji ulikuwa safi, hauna alama hata ya kupotea njia.

Mimi nilijua. Rufus alijua. Clete alijua. Na kwa mujibu wa kifungu cha kwanza, hakuna aliyejua.

"Hali ya hewa nzuri," Clete alisema.

"Nzuri sana," nikajibu.

"Hakuna wingu hata moja."

"Clete! Chunga mdomo."

"Nimesema wingu!"

"Umesema hata moja. Tunaelewana."

Zamu ya saba ilipofika, nikasimama na kuvuta suruali juu. Rufus akabaki ameketi.

"Twende," nikasema.

"Elwood, mimi hii kitu nimeisubiri maisha yangu yote."

"Kitu gani?"

Niliona macho yamemlowa. "Hali ya hewa," akasema, akasimama, akanifuata.

Tukajipanga mbele ya kibanda cha soseji, migongo kwa uwanja, uzio ukiwa hatua moja nyuma yetu. Muuzaji, mama mmoja aitwaye Dot Swinney, alituangalia sisi, kisha uwanja, kisha sisi tena.

"Mnataka nini, wazee?"

"Hatutaki kitu. Tunatazama."

"Mnatazama nini?"

"Haradali," nikasema.

"Mchezo uko kule, jamani. Kule! Kuna kijana anawanyoa watu kavu kavu!"

"Mama, tunakuomba usiingilie shughuli za Kamati."

Mtihani mkubwa haukuwa Dot. Mtihani ulikuwa Verna, ambaye kwa kuwa alisimamishwa hakubanwa na kifungu chochote, na ambaye alikuwa amekaa kwenye benchi za mbao za upande ule ule wa kulia, juu yetu kidogo. Tangu zamu ya saba ianze mwanamke yule hakufunga mdomo.

"Wa kumi na tisa huyo! Kaa chini, baba! Caraballo mwanangu, hawajakugusa! Mchezo kamili huo, mchezo kamili!"

Kila alipotamka tulishtuka wote watatu kama watu waliomwagiwa maji ya barafu. Clete alikuwa anasali. Kwa mujibu wa mila yetu kila neno la Verna lingetosha kubomoa zamu nzima, lakini nyuma yetu mwamuzi aliendelea kupayuka na wapigaji wakaendelea kurudi. Nikahitimisha kwamba ukimya wetu sisi watatu ulikuwa na nguvu kuliko kelele zake yeye mmoja, na nikapanga kuliandikia hilo ripoti.

Zamu ya nane ikapita. Ya tisa ikaanza. Uwanja mzima ulikuwa kimya, isipokuwa yule mmoja.

"Wa ishirini na tano! Kwaheri!" Halafu, baada ya kitambo, "Wa ishirini na sita! Bado mmoja! Elwood! Elwood Hruska, geuka, mjinga we! Utakufa hujaona!"

Hilo lilinichoma. Sitaficha. Lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli tupu, na kwa sababu hakulisema kwa kejeli, alilisema kama mtu anayemwita mwenzake atoke kwenye nyumba inayoungua. Shingo yangu ilianza kugeuka yenyewe. Nikaona kwa pembe ya jicho ukingo wa majani ya uwanja, ya kijani kabisa, jua limeyalalia. Nikaona Rufus ananitazama anangoja. Ningegeuka, naye angegeuka. Lakini nilikuwa nimekitunga kifungu kile mimi mwenyewe, nikakipiga chapa, nikakiwekea plastiki mvua isikiloweshe. Mtu hawezi kuacha kitu alichokiwekea plastiki. Nikarudisha macho kwenye haradali.

Tukasikia rungu limegonga mpira. Mlio mzito, ule wa mpira unaokwenda mbali. Tukasikia watu wote wanavuta pumzi kwa pamoja. Kisha tukasikia miguu inakuja upande wetu, inakuja, inakuja, na uzio ukagongwa kwa kishindo nyuma ya kisogo changu mpaka soseji zikaruka kwenye kikaango cha Dot. Kofia ikaanguka juu ya kiatu changu. Ilikuwa kofia ya Boone Pettway, mdakaji wetu wa upande wa kulia. Nikainama, nikaiokota, nikampitishia juu ya bega langu bila kugeuka.

"Asante, mzee," alisema, anahema.

"Karibu," nikamwambia, nikitazama haradali.

Ndipo uwanja ukalipuka. Dot alikuwa analia na koleo mkononi. "Ameudaka! Ameudaka kwa ncha ya glavu! Mmeona? Wazee, mmeona?"

Rufus alikaa chini kwenye majani, akashika kichwa. Clete aliendelea kusali, nadhani kwa kukosa taarifa. Mimi nilitazama saa nikaandika muda, kwa sababu ilibidi mkono wangu ufanye kitu.

Gazeti la Jumatatu lilitoa picha ukurasa wa mbele. Pettway yuko hewani, mkono umenyooka juu ya uzio, mpira unaonekana wazi kabisa ndani ya glavu. Nyuma yake, karibu kiasi cha kuweza kumpapasa, kuna migongo mitatu. Wa katikati ni wangu. Umetoka vizuri. Kinyozi wangu aliibandika picha hiyo kwenye kioo na kila mteja aliyeingia aliulizwa, "Hivi hawa walikuwa wanasubiri basi?"

Jumanne nikaitisha kikao cha dharura. Hali ilikuwa tete. Ligi ilikwisha kuuandika mchezo ule, lakini Ligi ni ofisi na kompyuta. Ubao ndio Ubao. Na Caraballo alikuwa amepandishwa timu ya juu, basi lake likiondoka Jumatano asubuhi. Tulipokuwa bado tunatafuta akidi, kijana mwenyewe akaingia kwa Rudnik, amebeba begi, amevaa shati la kwenda kanisani.

"Samahani, wazee," alisema. "Wenzangu wameniambia kuna Ubao hapa. Nilitaka kuona jina langu kabla sijaondoka, nimpigie mama picha."

Sote tukautazama Ubao. Haukuwa na jina lake.

"Suala lako liko kwenye mchakato," nilimwambia.

"Kwani nyinyi ndio mlikuwa pale kwenye soseji?" Akatutazama mmoja mmoja. "Niliwaona. Kuanzia ya saba mmenipa mgongo. Nilidhani nimewakosea kitu. Nikawa najiuliza, jamani, nimewafanya nini hawa wazee?"

"Ilikuwa heshima, kijana wangu."

"Kwetu heshima ni kumtazama mtu," alisema kwa upole wake ule ule, akaketi kwenye kiti cha mlangoni, begi magotini, kusubiri mchakato.

Rufus alinong'ona, "Nani atasimama aseme ameona? Mimi siwezi kusema uongo mbele ya yule mtoto."

Hakukuwa na ujanja. Aliyesajiliwa na aliyeona alikuwa mmoja tu, maana kusimamishwa si kufutwa. Clete akaenda kumwita. Verna alikuja na nguo za bustanini, udongo kwenye kucha, akamkumbatia Caraballo mpaka begi likaanguka. Kisha akaja mbele ya meza, akasimama.

"Mama Kuchar," nikaanza, "Kamati inakutaka utamke iwapo mnamo Jumapili iliyopita uliona kwa macho yako—"

"Niliona nini?"

"Ule... mchezo."

"Mchezo upi?"

"Verna, unaujua."

"Utaje basi, mheshimiwa."

Mwongozo ulikuwa ukutani nyuma yake, ndani ya plastiki. Kifungu cha kwanza kilikataza kutaja, na mwandishi wake alikuwa amesahau kuandika marufuku hiyo inakoma lini.

"Mimi ni mjumbe niliyesajiliwa," Verna alisema, amekunja mikono. "Mmeniita kwenye kikao, kwa hiyo Mwongozo umenishika na mimi. Sitaji."

"Kikao kinakuruhusu."

"Mwenyekiti hayuko juu ya kanuni. Nilikuambia."

"Wewe mwanamke, ulipayuka zamu tatu nzima mpaka ng'ambo ya mto wamesikia, leo ndiyo unakuwa bubu?"

"Nimejirekebisha."

Rudnik mwenyewe, nyuma ya kaunta, alicheka mpaka akamwaga bia. Caraballo alitazama saa ya ukutani. Alikuwa bado anatabasamu lakini tabasamu lilikuwa linachoka, na alianza kulivuta begi lake karibu. Niliona wazi kwamba kijana aliyefanya jambo ambalo mji wetu haujawahi kuliona ataondoka akiamini kwamba hatukumtaka, na kwamba sababu ni karatasi yangu. Niliona haya. Nasema haya ya kweli, si ya kikaoni.

Rufus akasimama. "Natoa hoja Mwongozo wa Ukimya ufutwe—"

"Naafiki," Clete akasema.

"Sijamaliza. Na mwenyekiti abadilishwe, awe Verna Kuchar."

Clete akanitazama kwa huzuni. "Samahani, Elwood. Nimeshaafiki."

Kura zilikuwa mbili. Ya tatu ilikuwa yangu, na sikuipiga kupinga. Nilisimama, nikabandua plastiki ukutani, nikampisha kiti. Verna aliketi, akapangusa udongo mikononi, akamwita Caraballo asogee karibu, na akasema yale maneno bila kuongeza wala kupunguza: "Niliona kwa macho yangu mchezo kamili." Rudnik akapanda ngazi na chaki. Kijana alisimama chini ya jina lake, akapigwa picha, akafuta macho kwa mkono ule wa kushoto. Alipeana mkono na kila mtu. Alipofika kwangu akanigeuza kidogo kwa bega, akatazama mgongo wangu, akacheka, na kunikumbatia.

Alipokwisha kuondoka, watu wakarudi kwenye bia zao. Mimi nilibaki nimesimama mbele ya meza, upande ambao wengine huwa wanasimama. Verna alikuwa ametamka yanayotakiwa na kanuni, basi. Hakusema mpira ule wa mwisho ulipaa vipi. Hakusema Pettway alianza kukimbia kutokea wapi, wala kama alisita, wala Caraballo alikuwa anatazama wapi wakati mpira uko angani. Ilitokea karibu na kisogo changu kuliko kisogo cha binadamu yeyote, na sikuwa najua lolote.

"Verna," nikasema. Kisha nikajirekebisha. "Mheshimiwa mwenyekiti. Naomba unisimulie. Ulikuwaje?"

Alinitazama. Nadhani alinihurumia, lakini ni mtu aliyewahi kusimamisha malori, anajua kuficha.

"Ombi lako limepokelewa, ndugu Hruska," alisema. "Linafanyiwa kazi. Njoo Alhamisi."

Alhamisi nilifika kwa Rudnik akiwa bado hajafungua mlango.